Sumaku ya Mzee Hafiz

Baba yangu humwita kila mtu fundi. Anayeziba pancha pale stendi ni fundi. Anayekaanga chapati mkabala na yadi yetu ni fundi. Hata kinyozi aliyemkata sikio mwaka juzi, baba alimwambia huku damu ikimtiririka shingoni, "Pole pole, fundi." Mimi nimechomelea vyuma hapa Keroka kwa miaka kumi na moja, mageti yangu yanafunga nyumba kutoka hapa mpaka Kisii mjini, na mbele ya wateja alinitambulisha kwa maneno yale yale kila siku: "Huyu ni binti yangu, Asli. Anajaribu jaribu kuchomelea."

Kujaribu jaribu, kwa miaka kumi na moja! Nayasema haya mapema ili usije ukadhani vita vyangu vilikuwa vya ekzosi za pikipiki peke yake.

Mzee Hafiz, ndiye baba, hununua na kuuza vyuma chakavu. Yadi yake iko kando ya barabara ya Kericho, nyuma ya mahali malori yanapopumzika, na kibanda changu kimeegemea ukuta wake. Shingoni huvaa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio kabla sijazaliwa, ameifunga kwa kamba ya katani. Mtu akileta chuma, baba hukigusisha sumaku. Ikishika, hicho ni chuma cha kawaida, kutu itakila, kinatupwa kwenye lundo la nyuma. Isiposhika, ni shaba, au alumini, au stenlesi, na kinapandishwa rafuni kwa heshima zake. Keroka nzima imeifuata sheria hiyo. Akina mama wakienda kununua sufuria huja kwanza kumwazima mzee sumaku, na niliwahi kumwona bwana mmoja akiipima pete ya uchumba.

Januari mwaka jana alikuja Ombati, mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa Ikonge. Ni mtu mrefu, mpole, anayevua kofia ya pikipiki kabla ya kumwamkia mzee. Alieleza shida yao akiwa amesimama. Pikipiki zao hubeba majani ya chai kutoka mashambani mpaka kituo cha kununulia, safari ya dakika kumi tu, halafu injini inazimwa, wanangoja, wanawasha tena. Maji yanayojikusanya ndani ya ekzosi hayapati muda wa kukauka. Na nje, mvua ya Nyamira hainyeshi kwa ratiba; paipu ikiwa moto kabisa inapigwa na maji, au inatumbukizwa kwenye kijito kile cha bondeni ambacho daraja lake lilichukuliwa na maji. Mwaka hauishi kabla shingo ya ekzosi, pale inapoungana na injini, haijaoza, na pikipiki inaanza kunguruma.

Kelele zenyewe ndizo zilizowaponza. Njia ya kituo cha chai inapita mlangoni mwa shule ya wasichana, na mwalimu mkuu alikuwa amemwendea chifu. Wakakubaliana kwamba kuanzia muhula wa pili hakuna pikipiki yenye ekzosi mbovu itakayopita pale. Waendeshaji walikuwa thelathini na wawili, na njia nyingine hawana. Walitaka fundi mmoja awatengenezee ekzosi zitakazodumu.

Baba alicheka kwa furaha. Akasema fundi wanaye tayari, mtoto wa ndugu yake, Jaffer, yuko Kisii mjini na ana mkono wa dhahabu. Kisha, labda kwa sababu nilikuwa nimeweka nyundo chini nikawa namtazama, akaongeza kwamba na binti yake pia anaweza kujaribu. Ombati, ambaye ni mtu wa haki, akasema basi kila mmoja alete ekzosi moja baada ya wiki tatu, wanachama waamue.

Kusema kweli Jaffer ni fundi. Hujaza bomba mchanga, akalipasha moto, akalipinda bila mkunjo hata mmoja, kwa wepesi wa mtu anayekunja mkeka. Kwa kupinda simfikii, na sijawahi kudai namfikia. Swali langu mimi lilikuwa jingine: nipinde nini?

Bomba jeusi la kawaida nililitupa mawazoni siku ya kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa limeoza kule Ikonge. Paipu ya maji, ile iliyopakwa zinki, naijua ubaya wake. Niliwahi kuichomelea nikiwa mgeni katika kazi. Ikatoa moshi mweupe, na nikashikwa na homa ya kutetemeka siku mbili. Watu wa jua kali wana dawa yao, kunywa maziwa. Nilikunywa lita mbili nikatapika lita mbili. Na hata ukiivumilia, ile zinki ikipata joto la injini huchunika yote, ukabaki na chuma kitupu. Alumini haishiki kutu, lakini karibu na mdomo wa injini inalegea, na mashine yangu haiwezi kuichomelea. Shaba nayo, ukimfungia mtu ekzosi ya shaba, mwambie alale kando yake, la sivyo ataamka na pikipiki isiyo na ekzosi.

Ikabaki stenlesi inayong'aa, ile ya reli za ngazi na mageti ya matajiri. Nilijua Jaffer ataichukua hiyo. Inapendeza, sumaku haiishiki, na dukani Kisii mjini imejaa. Nilikuwa karibu kuichukua na mimi.

Kilichoniokoa ni gari bovu. Nyuma ya yadi kulikuwa na gari dogo la Kijapani lililoletwa kukatwakatwa, na mimi nililala chini yake kufungua boliti. Sakafu yake ilikuwa imelika hata ngumi yangu ilipita. Lakini ekzosi, iliyokuwa juu ya pua yangu, ilikuwa ya kahawia, inaparuza, mbaya kwa sura, na nzima. Niliigonga kwa nyundo nikafumba macho nikingoja vumbi la kutu linimwagikie. Ikalia kama kengele. Nikaipiga tupa, na chini ya ile kahawia nikaona weupe safi. Miaka ishirini na ushei ndani ya matope ya nchi hii, moto na maji, maji na moto, na bado ilikuwa nzima.

Baba alikuwa ameitundika sumaku msumarini akaenda kutawadha. Niliichukua mbio nikarudi chini ya gari. Ikashika kwa nguvu. Nilibaki nimelala pale kwa muda, nikiitazama, kwa sababu kwa sheria ya nyumba yetu paipu ile ilipaswa kuwa imekufa zamani.

Niliikata kipande nikakipeleka kwenye grainda. Bomba jeusi likisagwa hurusha cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka mbele ya macho yako. Hizi zilikuwa chache, fupi, zenye wekundu. Kwa hiyo sumaku ilikuwa inaniambia ni ndugu wa chuma cheusi, na cheche zinasema si yeye. Nikampigia simu mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi niliyemtengenezea vitanda, akanieleza kwamba stenlesi ina koo zaidi ya moja. Kuna ukoo usioshikwa na sumaku, unaong'aa, lakini ukipata moto huvimba sana. Na kuna ukoo unaoshikwa, hauna urembo, unapata rangi ya kahawia juu na kuishia hapo hapo. Ukipata moto hauvimbi sana, na ndiyo sababu wenye magari wanaupenda kwa ekzosi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; mimi nilishukuru nikasema nitajionea mwenyewe.

Nilichukua vipande vya vyuma vyote, kila kimoja nikakichomelea shingo. Nikawasha makaa, nikaweka feni, na pembeni pipa la maji niliyoyatia chumvi kwa roho mbaya tu. Nikawa napasha kipande mpaka kiwe chekundu, nachovya, napasha, nachovya. Siku tatu nilifanya kazi hiyo mpaka mikono ikakataa kuinua kikombe cha chai. Bomba jeusi lilibambuka magamba kama samaki. Stenlesi ya reli za ngazi ilipasuka kando ya mshono mara ya kumi na tisa. Ile ya gari niliichovya mara sitini, na shingo yake ikabaki vile vile.

Basi nikatengeneza ekzosi yangu. Paipu ya gari ni nene kuliko ya pikipiki, kwa hiyo niliipasua kwa urefu, nikapunguza ukanda, nikaikunja upya juu ya mtaimbo, nikaifunga kwa rodi za kuchomelea za stenlesi, si zile rodi za mageti. Haikuwa nzuri. Mpindo wake ulikuwa na makunyanzi mawili, na rangi yake ilikuwa ya ukoko wa ugali.

Siku ya kuamua tulikutana Ikonge, kwenye kituo cha chai, mchana, wanachama wakingoja majani yapimwe. Jaffer alifunua yake kwenye taulo. Iling'aa hata watu wakaanza kujitazama nywele ndani yake. Yangu niliitoa kwenye gunia, na kuna mtu akauliza kama nimeitoa mtoni. Nilijieleza vizuri, nadhani. Niliwaambia kuhusu gari, na cheche, na pipa la maji ya chumvi. Ombati alinisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, halafu akamgeukia baba, ambaye alikuwa amekuja kwa heshima ya wote wawili, binti na mpwa, na akasema kwa adabu, "Mzee, tusaidie na hiyo sumaku yako."

Baba aliigusisha ekzosi ya Jaffer. Sumaku ikateleza, ikaanguka, ikaning'inia kwenye kamba yake. Akaisogeza kwenye yangu. Kabla hata haijafika iliruka kutoka mkononi mwake ikajibandika, ta. Watu waliangua kicheko.

Baba hakucheka. Ningemsamehe upesi zaidi kama angecheka. Aliwaambia, kwa sauti ya kuomba radhi, "Hii ni chuma tu. Mwanangu amedanganywa na hawa watu wa kuvunja gari."

"Sijadanganywa, Baba," nikasema. "Nimeichoma nikaizamisha mara sitini. Bomba kama hilo la Jaffer lilipasuka mara ya kumi na tisa."

"Asli," akasema. "Sumaku imeshika."

Alilisema hilo kwa sauti anayotumia kusema adhana imetoka. Hakuna anayebishana na adhana. Wakampa Jaffer kazi yote, na mimi nikaanza kuirudisha ekzosi yangu guniani, uso ukiniwaka. Hapo ndipo alipojitokeza Nyangate. Nyangate ni mzee wa bodaboda kule, mgomvi, haji mikutanoni, na pikipiki yake haijawahi kuoshwa na mtu ila Mungu. Alikuwa amegombana na Ombati wiki ile na hakutaka chochote kilichochaguliwa na Ombati. Akaniambia, "Hiyo ya kutu nifungie mimi. Pikipiki yangu haina sura, haiwezi haribu harusi ya mtu."

Nikamfungia pale pale, matopeni. Nikarudi Keroka, nikajifungia kibandani, nikalia kwa hasira. Sikuwa na hasira na Jaffer, wala na wale waliocheka. Nilimkasirikia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuja kugonga mlango akiniuliza kama nimekula.

Machi mvua zikaanza. Ekzosi thelathini na moja za Jaffer zilikuwa zinapita Keroka zikimetameta, na stendi nzima ilinibatiza Asli Kutu. Nikienda kununua sukari, Asli Kutu. Nilitengeneza vitanda na mageti yangu nikanyamaza. Kila Jumapili simu yangu ilipokea ujumbe wa neno moja la Ekegusii kutoka kwa Nyangate: "Buya." Maana yake mambo ni mazuri. Hakuwahi kuandika la pili, salamu wala kwaheri, na mimi niliusoma ule ujumbe mara nyingi kuliko barua ya mchumba. Nilijua Nyangate anavuka kile kijito mara nane kwa siku, paipu ikiwa moto, bila kupunguza mwendo, kwa kuwa hajui kupunguza.

Wiki ya pili ya Mei, muhula ukiwa umeshafunguliwa, ekzosi ya kwanza ya Jaffer ilipasuka. Ilipasuka shingoni, kando ya mshono, ufa mwembamba kama unywele, na pikipiki ikanguruma ikipita mlangoni mwa shule wakati wa mtihani. Kufika mwisho wa wiki zilikuwa saba. Jaffer alikuja mbio akachomelea juu ya ufa, nazo zikapasuka sentimita moja pembeni. Kufika mwisho wa mwezi zilikuwa kumi na tisa, chifu alikuwa amesimama barabarani mwenyewe, na majani ya chai yalikuwa yanabebwa kwa kichwa. Sitataja ule usemi wa ving'aavyo na dhahabu. Kila mtu Keroka aliutaja, wakiwemo wale walionibatiza.

Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, Ombati akaingia yadini. Alikuja na Jaffer, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na nyuma yao Nyangate juu ya pikipiki yake, hata hakuizima. Ilikuwa inahema taratibu. Nilitarajia waje kibandani kwangu. Walikwenda kwa baba. Ombati akamwonyesha shingo mbili zilizopasuka, kisha akamwomba aitazame ile ya Nyangate. Watu wa stendi walishaanza kujaa mlangoni.

Baba aliinama. Akaigusisha sumaku, ikashika. Akaomba tupa, akakwangua, akauona ule weupe. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama paipu moja. Kisha akainuka, akanitazama mimi na si Ombati, akasema, "Nionyeshe."

Niliwasha makaa. Nilimwambia Jaffer achukue kipande cha bomba lake mwenyewe na akichomelee mwenyewe, kwa mkono wake, nisije nikaambiwa nimeharibu mshono. Mimi nikachomelea changu. Tukatia chumvi pipani. Baba akavuta kreti ya soda, akaketi, akatoa tasbihi mfukoni, akasema astaghfirullah kwa kazi aliyotaka kuipa, na akaanza kuhesabu. Kila tulipochovya, punje moja ilipita chini ya kidole gumba chake. Ulisikia moto, halafu maji yakichemka, halafu punje.

Ya ishirini na mbili, kipande cha Jaffer kilitoa mlio mdogo, tik, kama kucha ikivunjika. Alikigeuza, akaona ufa. "Imepasuka, Baba Mkubwa," akasema, na nitampa haki yake, alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Akakiweka chini, akaja upande wangu akaanza kunipulizia moto.

"Endelea," baba akaniambia.

Nikaendelea. Thelathini na tatu. Mtu akaniletea chai sikuinywa. Sitini na sita. Jasho lilikuwa limenijaa machoni, lakini ndani nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya kukaribia kuimba, kwa sababu nilikijua kile chuma na kile chuma kilinijua. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya malori nilipochovya ya tisini na tisa. Tasbihi ikarudi mwanzo wake. Nikakiweka kipande miguuni kwa baba.

Alingoja kipoe. Akapapasa mshono kwa kidole, akaenda na kurudi. Akaigusisha sumaku, ikashika. Akaibandua, akaigusisha tena, ikashika. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akainuka akaenda nyuma ya yadi, kwenye lile lundo ambalo amekuwa akilitupia tangu ujana wake kila kilichoshikwa na sumaku. Sote tulimfuata. Ekzosi za magari zilikuwa zimelala pale nyingi ajabu, za kahawia, nzima, chini ya mabati na vitanda vilivyooza.

"Nimeuza ngapi kwa watu wa kuyeyusha," akasema, si kwa mtu yeyote. Halafu akanigeukia. "Chagua."

Nikachagua. Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja neno jingine, na halikutoka, na hata katika furaha ile yote lilinichoma kidogo. Lakini nilikuwa na ekzosi thelathini na moja za kutengeneza, na sikuwa na nafasi ya kuuguza moyo.

Nilimwita Jaffer tufanye pamoja. Kuna walioniona mjinga. Mimi nachagua vizuri na nachomelea vizuri, lakini mpindo wangu una makunyanzi na nilishachoka kuambiwa nimeutoa mtoni. Yeye alipinda, mimi nikapasua, nikakunja, nikafunga. Tulibishana kutoka asubuhi mpaka jioni na tukamaliza kwa wiki mbili.

Siku ya kukabidhi, Ombati aliwapanga wote barabarani Ikonge, wakawasha kwa pamoja. Pikipiki thelathini na mbili, na ulichosikia ni mvumo wa chini, kama watu wanaosali kimoyomoyo. Nyangate aliongoza, ingawa hakuna aliyemwomba. Walipita mlangoni mwa shule na magunia yao, mvua ikiwapiga, mvuke ukitoka kwenye paipu, na hakuna kilichopasuka. Baadaye mlinzi wa shule alituambia kwamba mwalimu mkuu alikuwa ametoka nje kumuuliza kama bodaboda wamegoma leo, mbona kimya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jaffer naye alikaa.

Tulirudi Keroka tukakuta mgeni yadini, bwana nadhifu aliyetoka Marani. Habari zilikuwa zimeshavuka mpaka kwao Kitutu Chache. Nilisikia kila kitu nikiwa kibandani, nimeinama juu ya meza nikitafuta miwani yangu. Alimweleza baba kwamba wao wana pikipiki hamsini, na wanamtafuta huyo fundi wa ekzosi, na ya kwamba asidhani watadanganywa, kwani yeye mwenyewe amekuja na sumaku. Akaitoa mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi nzuri ni ile inayoshika.

Nilitaka kupiga kelele. Bomba jeusi nalo linashika! Kwa hesabu hiyo tungewauzia Marani nzima kutu tupu na wakashukuru. Lakini baba alikuwa ameshainua mkono akaufunika ule wa mgeni pamoja na sumaku yake.

"Hiyo rudisha kwa mfuko," akasema. "Sumaku haijui. Hata mimi sijui, mimi ni mtu wa kuuza skrapu. Uliza fundi."

Yule bwana akatazama huku na huku. Akamwona Jaffer, kijana mwenye mabega, glavu mkononi, akaanza kumwendea kwa tabasamu.

"Si huyo," baba akasema. Akageuka akanyoosha kidole kuelekea kibandani. "Fundi ndiye yule pale. Fundi Asli."

Niliipata miwani. Ilikuwa kichwani mwangu. Nilisimama pale nimeishika, na nilifurahi mpaka nikaona haya, mwanamke mzima wa miaka thelathini na nne. Mgeni alikuwa ameshafika mlangoni anaamkia. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikachungulia nje nikamwambia baba kwamba samahani, sikumsikia vizuri, kelele za grainda zimenizidi.

Grainda ilikuwa imezimwa. Baba aliitazama, akanitazama mimi, akajikuna lile sikio lake la kinyozi.

"Nimesema fundi," akasema, kwa sauti ambayo hata wa malori waliisikia. "Fundi Asli. Njoo, una mgeni."